Shule Zimefungwa, Mtoto Yuko Nyumbani: Maswali ya Wazazi wa Moshi Kuhusu Likizo

Nafundisha shule ya msingi hapa Moshi, na nyumbani nina watoto watatu. Shule zikikaribia kufungwa, wazazi huniuliza mambo yaleyale: getini, ndani ya haisi, hata soko la Mbuyuni nikiwa nimeinama nachagua nyanya. Nimeyakusanya hapa. Nimeyapa namba, ili panapohusika nikuelekeze swali jingine badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Kwa mwaka kuna likizo ngapi, na ipi inahitaji maandalizi zaidi?

Shule zinazofuata kalenda ya Wizara ya Elimu zina mihula miwili, kuanzia Januari. Katikati ya kila muhula kuna mapumziko mafupi, ya kwanza karibu na Pasaka na ya pili mwezi Septemba. Halafu kuna likizo ndefu mbili, ya Juni na ya Desemba. Tarehe hubadilika kila mwaka, kwa hiyo usitegemee za mwaka jana. Shule za kimataifa zina kalenda zake.

Mapumziko mafupi yasikuumize kichwa. Inayonitia wasiwasi mimi ni ya Desemba. Mtoto amemaliza darasa, mwalimu wa zamani ameshamwachia, wa mpya hajampokea, na nyumbani kila mtu anawaza Krismasi. Hapo ndipo mtoto hukaa wiki nyingi bila mtu mzima hata mmoja kumwuliza amesoma nini.

2. Mwalimu, mtoto si amechoka? Tusimwache apumzike tu?

Apumzike, tena sana. Wiki ya kwanza sipendi aguse daftari. Alale, acheze mpaka achafuke, akae na wadogo zake.

Ila tofautisha umri. Mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu bado stadi zake za kusoma, kuandika na kuhesabu ni mbichi. Januari huwa napokea watoto walioondoka wakisoma sentensi nzima, wamerudi wanavuta silabi moja moja, na mwezi wa kwanza wote unaishia kurudisha tulichokuwa nacho. Mkubwa anayesoma kwa ufasaha hasahau kusoma. Yeye anachopoteza ni mazoea: kuamka mapema, kukaa chini, kumaliza alichokianza.

3. Basi asome saa ngapi kwa siku?

Wa madarasa ya chini, nusu saa inatosha: robo saa kusoma kwa sauti, robo saa kuandika au kuhesabu. Darasa la nne hadi la saba, saa moja, ikizidi sana saa moja na nusu. Wa sekondari, saa mbili. Jumamosi na Jumapili hakuna.

Wakati mzuri ni asubuhi baada ya chai, kabla wenzake hawajaanza kumwita nje. Akishatoka, kumrudisha ndani ni ugomvi, na kitabu kinageuka adhabu. Kidogo kila siku kina faida kuliko kumfungia Jumamosi nzima kwa sababu wiki ilipita bure.

4. Mimi niliishia darasa la saba, na mengine nimeshasahau. Nitamfundishaje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, na ndilo ningependa kila mzazi apate jibu lake. Kazi yako likizo ni kumsikiliza. Kufundisha niachie mimi.

Mwambie akusomee kwa sauti wakati unachambua mboga au unapepeta mchele. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, na wewe unakisema tangu utotoni, kwa hiyo neno akilikosea sikio lako litalikamata hata kama macho yako hayapo kwenye ukurasa. Akimaliza, mwulize: ni nani aliyetajwa hapo? Alifanya nini? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Akishindwa kujibu, ujue alikuwa anatamka tu bila kuelewa, naye arudie polepole. Usimcheke, usimwite mjinga, na usimlinganishe na mtoto wa jirani. Mtoto akishaaibishwa kwa kusoma, atakuwa na choo cha kwenda kila ukitaja kitabu.

Kuna mama mmoja wa mwanafunzi wangu, anauza ndizi, hajui kusoma kabisa. Likizo moja ya Desemba aliweka vikombe viwili mezani, kimoja kina punje za maharage. Kila ukurasa ambao binti yake alimsomea na kumsimulia, punje moja ilihama kikombe. Mama hakujua herufi hata moja, lakini alijua binti yake amesoma kurasa ngapi na zilihusu nini. Januari yule binti alisimama mbele ya darasa akasoma bila kukwama. Sijawahi kuona tuisheni iliyofanya kazi kuliko ile.

## Kusoma, kuandika, kuhesabu

5. Vitabu tunavipata wapi bila kutumia hela nyingi?

Anza na Maktaba ya Mkoa wa Kilimanjaro, hapa hapa Moshi mjini, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Nashangaa watu wanavyoipita kila siku. Mpeleke mtoto, ulizia taratibu za uanachama na vitabu vya watoto, mwoneshe namna ya kukaa kimya na kurudisha kitabu mahali pake. Akizoea, mwenye umri wa kutosha ataweza kwenda na mwenzake.

Kwenye simu, Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada, vinasomwa bure. Hilo ni muhimu zaidi sasa, kwa sababu mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, na vitabu alivyoachiwa na kaka yake huenda havilingani tena na anachosoma. Kwa hadithi fupi kuna African Storybook, nayo ni bure na ina hadithi nyingi za Kiswahili zenye picha, zimepangwa kuanzia rahisi. Zipakue siku yenye bando, msome siku isiyo na bando.

Na kuna njia isiyo na gharama yoyote: nyumba nne au tano za mtaa mmoja zibadilishane vitabu. Kila mmoja ana viwili vitatu vilivyolala chini ya kitanda.

6. Yuko darasa la tatu na bado hajui kusoma. Likizo moja itatosha?

Likizo ya mwezi, kila siku nusu saa, inaweza kumtoa mbali sana. Kwanza hakikisha tatizo lenyewe. Watoto wengi wa hivi wamekariri kitabu chao: wanaangalia picha, wanatiririka. Mpe maandishi ambayo hajawahi kuyaona, au soma naye kuanzia mstari wa mwisho kwenda juu. Hapo utajua.

Kama hajui, rudi kwenye silabi bila aibu. Chukua katoni ya biskuti, kata vipande, andika ba, be, bi, bo, bu, kisha ma, me, mi, mo, mu, na kuendelea. Mpange maneno: ba-ba, ma-ma, me-za, bi-bi, mo-to. Siku mbili kwa kundi moja, ukirudia la jana kabla ya kuongeza jipya. Zinazowasumbua wengi ni zile zenye konsonanti zaidi ya moja: mb, nd, ny, ng na ng', mbw, ngw, sh. Hizo zipe muda zaidi, moja moja, kwa maneno anayoyajua: mbuzi, nyanya, ng'ombe, mbwa. Wiki ya tatu aanze sentensi fupi alizozitunga mwenyewe. Mtoto husoma kwa furaha maneno yake mwenyewe, hasa yakiwa yanamtaja rafiki yake.

Jambo jingine ambalo wazazi hulisahau ni macho na masikio. Mtoto anayesogeza kitabu puani, anayekunja uso akitazama ubaoni, au anayekujibu kitu tofauti na ulichouliza, apimwe. Likizo ndiyo nafasi, na hapa Moshi tuna bahati ya idara ya macho ya hospitali ya KCMC. Nimewahi kufundisha mvulana aliyeitwa mzito wa kichwa kwa miaka miwili. Kilichokuwa kinamsumbua ni kukosa miwani tu.

7. Anasoma shule ya Kiingereza. Kiswahili cha kuandika kinamshinda. Nifanye nini?

Mwandikie, naye akuandikie. Barua fupi kwa bibi, orodha ya vitu vya dukani, maelezo ya jinsi ya kupika chai. Usiku tegeaneni vitendawili; akishindwa, akupe mji. Mtoto aliyezoea kusikia "Kitendawili!" na kujibu "Tega!" anaingia ndani ya lugha kwa mlango wake mwenyewe. Nasikitika nikikutana na mtoto wa Moshi anayeona haya kuongea Kiswahili mbele ya wenzake, na kosa hilo si lake.

8. Na hisabati?

Mtume dukani, kisha akupe hesabu kabla hujapokea chenji. Nimekupa shilingi 10,000. Mafuta 3,500, sukari 3,200, chumvi 500. Tumetumia ngapi, nirudishiwe ngapi? Wa darasa la pili ahesabu kwa vidole, wa la tano kichwani. Jedwali la kuzidisha mpaka 12 ndicho kitu kimoja ninachokubali kikaririwe likizo, na liimbwe kwa kupokezana wakati wa kuosha vyombo.

Kama kuna babu anayejua bao, mkalishe hapo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji mzuri anapiga hesabu ya kete itakapoishia kabla hajaigusa. Mwanangu wa pili alielewa kutoa na kujumlisha kwa haraka kwenye bao la jirani kuliko darasani kwangu, nami ndiye mwalimu wake.

## Tuisheni

9. Nimpeleke tuisheni au nisimpeleke?

Ukiweza kutaja kwa jina kitu anachoshindwa, mpeleke: hesabu za sehemu, sarufi ya Kiingereza, aljebra. Kama unampeleka ili asizurure, hiyo ni kulipia ulinzi, na kuna njia bora (tazama swali la 15 na la 19).

Nilikosea mwenyewe. Mwaka mmoja nilimpeleka mwanangu mkubwa sehemu fulani hapa mjini kwa mwezi mzima, kwa kuwa kila mtu alikuwa anapeleka. Watoto walikuwa wamebanana kwenye madawati, mwalimu mmoja, ubao umejaa. Alirudi na madaftari manne yaliyonakiliwa vizuri, na hakuwa ameulizwa swali hata moja. Siku hizi naangalia hilo kwanza: mtoto anasahihishiwa kazi yake na kuambiwa amekosea wapi? Kama hapana, hela yangu itanunua vitabu.

10. Kabla ya kumwamini mwalimu wa tuisheni, niangalie nini?

Nenda ukaone mahali panapofundishiwa, mchana, bila kutoa taarifa. Mlango uwe wazi. Watoto wawe zaidi ya mmoja. Mwalimu ajulikane anafundisha wapi au anaishi wapi, na mjumbe wa mtaa amjue. Tuisheni ya jioni inayomrudisha mtoto gizani ikatae hata kama ni ya bure. Na mtoto akianza ghafla kuchukia kwenda, usimburute. Soma swali la 21.

11. Amemaliza darasa la saba. Kutoka Septemba hadi Januari ni mbali. Afanye nini?

Karibu miezi minne, ndiyo mapumziko marefu kuliko yote aliyowahi kupata, na yanakuja wakati ambao ana nguvu na hana majukumu. Wengi hupotelea hapo.

Mtoto wa shule ya serikali anakwenda kukutana na mabadiliko ya lugha: masomo aliyoyasoma kwa Kiswahili miaka yote, sekondari atayasoma kwa Kiingereza. Kozi za maandalizi ya kidato cha kwanza zipo nyingi. Zilizo nzuri zinamfundisha Kiingereza cha darasani: kuelewa maelekezo, kuuliza swali, kuandika aya. Zilizo mbaya zinamkimbiza kwenye mada za kidato cha kwanza asizozielewa, akaja kuzichoka kabla hajaanza. Ukiweza wiki sita hivi, zinatosha. Nyumbani awe na daftari la maneno: matano kwa siku, kila moja ndani ya sentensi yake, na jioni akuambie.

Muda unaobaki ajifunze kitu cha mikono. Aende kwa fundi cherehani, kwa fundi baiskeli, jikoni kwa mama lishe unayemwamini, akajue kazi inavyofanyika. Wale wa kidato cha nne wanaosubiri kwa miezi mingi zaidi wanaweza kuulizia kozi fupi chuo cha ufundi cha VETA hapa Moshi.

## Nyumbani, mtaani na kihambani

12. Kazi za nyumbani na biashara ndogo: ni elimu au ni kumtumikisha?

Kufagia, kufua nguo zake, kupika ugali, kulisha kuku, hayo ni malezi, kwa wavulana sawasawa na wasichana. Nasisitiza la wavulana kwa sababu naona likizoni binti anaamka saa 12 na kaka yake saa 4.

Kuhusu kuuza, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, kuanzia saa 2 hadi saa 12 alfajiri. Kukaa gengeni na mama yake saa mbili, akipima na kurudisha chenji, kunamfundisha. Kumbebesha ndoo ya karanga azunguke stendi peke yake mpaka giza ni kumweka hatarini, hata kama hela inahitajika. Najua inahitajika. Bado nasema hivyo.

13. Desemba tunapanda kwa bibi. Huko hakuna umeme wa uhakika wala vitabu. Si atarudi nyuma?

Natamani kila mtoto wa mjini apate swali hili. Kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga lenye migomba na kahawa, ni darasa lenye kila somo.

Angalia kahawa peke yake. Akiwahi mabaki ya msimu, mwache achume, amenye, aone mbegu zinavyochachuliwa, zikaoshwa, zikaanikwa. Ampimie babu yake: kama kilo tano hadi sita za matunda mabichi hutoa kilo moja ya kahawa safi. Hapo amefanya uwiano na sayansi, na ameelewa kwa nini babu hulalamika bei ikishuka. Ukishuka naye mjini, mwoneshe jengo la KNCU, chama cha ushirika kilichoanzishwa 1933 na wakulima kama huyo babu yake.

Migomba nayo: bibi atamwambia hii ni mchare, ya supu ya mtori, hii ni kisukari, hii ni ya pombe ya mbege. Achore jani, aandike jina kwa Kiswahili na kwa Kichagga cha kwao, maana Kirombo si Kimachame, wala Kikibosho si Kivunjo. Amwulize babu kuhusu mfongo, mfereji wa kumwagilia: maji yanatolewa wapi mtoni, nani alichimba, zamu za kumwagilia zinapangwaje. Aulize mmea wa isale umepandwa pale kwa nini. Watoto wengi wa mjini wanajua kusema "aika" (asante) tu, na babu akifariki basi.

Sasa shule zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mpe daftari moja na maswali kumi ya kumhoji mzee. La kwanza liwe hili: Babu, ulipokuwa na umri wangu, barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilifika wapi? Barafu hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na mzee mwenye miaka themanini ameshuhudia sehemu kubwa ya badiliko hilo kwa macho yake. La pili: usiku wa kuamkia Uhuru, Desemba 9, 1961, wakati mwanajeshi Alexander Nyirenda anapandisha bendera na mwenge kileleni, wewe ulikuwa wapi? Mwanangu aliuliza la pili hilo. Babu yake, mtu asiyeongea sana, alisimulia mpaka kibatari kikaisha mafuta.

Kitabu kimoja tu abebe. Kinatosha.

14. Tunaweza kumpeleka wapi bila kutumia hela nyingi?

Kabla ya kwenda mbali, mtoke nje alfajiri mtazame mlima. Mpe kazi ya mwezi mzima: kila asubuhi na jioni aandike kama Kibo imeonekana, mawingu yako wapi, na Mawenzi je. Mwisho wa mwezi achore grafu. Ajue urefu wake, mita 5,895, na kwamba Mawenzi na Shira nazo ni vilele vya mlima huohuo. Nimekutana na watoto wa Moshi wasiojua Shira ni nini, na wageni wanavuka bahari kuja kuiona.

Kwa safari ya siku moja kuna maporomoko ya Materuni kule Uru, Kinukamori kule Marangu, na msitu wa Rau karibu na mji. Ulizia kwanza kiingilio cha Mtanzania, na kwenye maji usimwachie mtoto mkono. Stesheni ya reli nayo inapendeza watoto. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Moshi Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya kimya, na wapo watoto ambao hawajaiona kwa macho.

15. Sisi tumepanga chumba kimoja. Hatuna kihamba wala uwanja.

Kubalianeni wazazi wa uani. Kila nyumba ishike asubuhi moja: Jumatatu mama fulani awasikilize watoto wote wakisoma, Jumanne baba mwingine awafundishe kutengeneza gari la makopo au kushona mpira wa makaratasi, Jumatano mwenye cherehani, na kuendelea. Saa mbili tu. Nimeona hili likifanyika kwa mkeka mmoja chini ya mwembe. Wakubwa wawafundishe wadogo, na mkubwa anayefundisha ndiye anayeelewa zaidi.

Jioni wacheze: rede, kombolela, kamba, mdako. Mdako pekee unafundisha kuhesabu na kutuliza mkono.

16. Juni ni baridi na manyunyu. Hawatoki kabisa.

Chai ya tangawizi, sweta, na simulizi. "Paukwa!" "Pakawa!" Kila mtu wa nyumba atoe hadithi moja, mtoto aichore kesho yake. Juni pia nzuri kwa mapishi: mpe apike kiburu, chakula cha ndizi na maharage, mwanzo mwisho, wewe ukae kando.

## Simu na televisheni

17. Simu nimnyime kabisa?

Ukimnyima nyumbani ataitazama kwa jirani, usijue anatazama nini. Mimi nimeweka saa moja kwa siku, baada ya kusoma na kazi, sebuleni, kwa simu yangu, na inarudi kwangu kabla ya chakula cha usiku. Kitandani haiingii. Kile anachotazama nakitazama naye mara kwa mara, namwuliza maswali yaleyale ya swali la 4.

Katuni za Kiswahili zinazofundisha hesabu na herufi zipo, na kwa wadogo zinasaidia. Televisheni inayowaka tangu asubuhi bila mtu kuitazama inamfundisha mtoto kutosikiliza.

18. Kijana wangu hashindi nyumbani, yuko kwenye kibanda umiza, kile cha kuonyeshea mpira na filamu.

Mpira si dhambi. Mechi moja, tena na mtu mzima, sawa. Wasiwasi wangu ni vitu vinavyozunguka kibanda: sigara, filamu zisizo za umri wake, na mashine za kamari zinazomeza sarafu za watoto. Kisheria kamari ni kwa waliofikisha miaka 18. Ukiona mtoto anachezeshwa, mwone mwenyekiti wa mtaa, mwende wazazi watatu wanne kwa pamoja. Na nyumbani mpe mpira wake mwenyewe: acheze, awe na timu, aandike matokeo na msimamo kwenye daftari.

## Hali zenye ugumu zaidi

19. Wote tunatoka alfajiri, anabaki na dada wa kazi.

Mketishe dada na mtoto pamoja, mpange siku yao kwenye karatasi ubandike ukutani: chai, kusoma, kazi, kucheza, kulala mchana. Dada naye ni binti, wakati mwingine aliacha shule akiwa na hamu nayo. Wengine hufurahi kusoma na mtoto. Mheshimu, na mtoto amheshimu. Ukirudi, hata umechoka, dakika kumi za kusikiliza ukurasa mmoja. Nyumba nyingi zinashindwa kwenye hizo dakika kumi.

20. Mtoto wa bweni amerudi, analala mpaka saa 5 na haongei na mtu.

Wiki moja mwachie, bweni linachosha. Kisha mpe jukumu linalotegemewa na nyumba, kama kupika chakula cha mchana siku tatu kwa wiki au kumsomesha mdogo wake. Tembea naye, mkawe mnafanya kazi pamoja, ndipo atakapoongea. Swali la ana kwa ana, "una shida gani?", litajibiwa "hamna". Kimya kikizidi, hali chakula, au hataki kabisa kurudi shule, kuna kitu kimetokea, soma linalofuata.

21. Hataki kwenda kwa ndugu fulani, au kwa mwalimu fulani, na hasemi sababu.

Msimpeleke. Mwamini kwanza, uchunguzi baadaye. Mwambie kwa maneno mepesi kwamba hana kosa na hatapigwa kwa atakachosema, halafu nyamaza umsikilize. Usimkutanishe na mtu huyo "wamalizane".

Namba 116 ni ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, kupiga ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mwone pia afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Wapo wanaoogopa kuvunja undugu. Likizo ndiyo wakati watoto wanalala nyumba za watu wengi, kwa hiyo kabla ya safari ya Krismasi kubalianeni atalala wapi na nani.

22. Mtoto wangu ana ulemavu, na likizo anafichwa ndani kwa sababu ya maneno ya watu.

Mtoe nje. Yote yaliyoandikwa hapa ni yake pia, kwa mwendo wake. Asiyeona apewe hadithi za kusikia na vitu vya kushika. Asiyesikia apewe picha na vitendo, na familia nzima ijifunze alama zake. Anayechelewa kuelewa apewe hatua moja kwa siku na pongezi nyingi. Kabla ya kufunga, muulize mwalimu wake wa elimu maalumu akuoneshe zoezi moja au mawili tu. Tunapenda kuulizwa.

23. Zimebaki siku saba kufungua na hajafanya kazi za likizo alizopewa.

Usimkalishe usiku na mchana, wala usimfanyie wewe. Mwandiko wako tunaujua. Gawanyeni maswali kwa siku tano, aanze na anayoyaweza, anayoshindwa ayawekee alama ya kuuliza ili mwalimu aone. Nikipokea daftari lenye alama za kuuliza, najua nianzie wapi.

Wiki hiyohiyo arudishe saa ya kulala, mbili au tatu usiku. Mpime viatu, maana mguu hukua likizo, na sare ifuliwe mapema. Januari hapa mvua inaweza kukushangaza, na sweta bichi siku ya kufungua humliza mtoto kabla hajafika getini.